Besi mbovu na vimeng'enya vinavyokutana nazo: nani kinara?

Kwa wingi, anayeongoza hahitaji sumu wala jua kali. Maji yaliyomo ndani ya seli yanamtosha. Kila siku, katika kila seli ya binadamu, besi zipatazo 10,000 za adenini na guanini hung'oka zenyewe na kuacha mapengo kwenye uzi wa DNA. Hesabu za namna hiyo zilimsukuma Tomas Lindahl wa Sweden kutafuta mafundi wa kuuziba uharibifu, na mwaka 1974 akatangaza kimeng'enya kinachoondoa urasili iliyojipenyeza kwenye DNA. Nobel ya kemia ilimfikia mwaka 2015, pamoja na Paul Modrich na Aziz Sancar.

Kwa ubishi, taji ni la thimini mbili jirani zilizogandishwa pamoja na miale ya urujuanimno. Polimerasi za kawaida, ambazo kazi yao ni kunakili DNA, zikifika hapo hukwama. Polimerasi eta hupita, kwa kuwa kitovu chake cha kazi ni kipana, nayo huweka adenini mbili zinazostahili. Anayezaliwa bila kimeng'enya hiki huandamwa na saratani ya ngozi.

Lakini mimi namwogopa zaidi yule asiyezuia chochote. Oksoguanini ni guanini iliyoshikwa na oksijeni. Hujigeuza ubavu ikajipatanisha na adenini badala ya sitosini, na umbo la jozi hiyo linafanana mno na jozi halali, hata polimerasi inayokagua kazi yake huiruhusu ipite. Uzi ukinakiliwa tena, palipokuwa na guanini panakaa thimini, na kosa limekuwa la kudumu. Kwa udanganyifu hana mpinzani. Ndiyo maana seli imemwekea walinzi wawili: OGG1 huing'oa oksoguanini ikiwa bado imekabiliana na sitosini, na MUTYH huiondoa adenini iliyokwisha kuwekwa kimakosa. Aliyerithi MUTYH mbovu kwa baba na kwa mama huota vinyama vingi kwenye utumbo mpana, na baadhi hugeuka saratani.

Kwa kunusa hatari mapema, sijaona kinachoifikia polimerasi ya Pyrococcus furiosus, kijidudu kinachostawi kwenye joto la nyuzi 100 hivi. Huigundua urasili ikiwa bado besi nne mbele, ikasimama. Joto huharakisha sitosini kugeuka urasili, kwa hiyo tahadhari hiyo ina sababu. Polimerasi ya Taq, maarufu maabara, huipita bila kusita.

Kwa kujitoa mhanga ni MGMT. Huvua kipande cha methili kutoka kwenye guanini na kukibandika mwilini mwake, kisha haifanyi kazi tena. Molekuli moja, tengenezo moja. Uvimbe wa ubongo wenye MGMT tele huikaidi dawa ya temozolomaidi, inayoua kwa kubandika methili hizo hizo, na madaktari hupima kama jeni yake imezimwa ili wajue dawa ina nafasi gani.