Pamba, Bumu na Mshahara: Kwa Nini Mnagombania Hela

Wapenzi wengi wakigombana kuhusu hela huishia kupeana majina. Wewe bahili! Na wewe mfujaji! Msomaji wangu, kabla hujampa mwenzako jina, muulize swali moja: kwenu hela ilikuwa inakuja lini? Jibu lake linaweza kukueleza mengi kuliko miaka mitatu ya uchumba.

Mimi nililipata swali hilo mahali ambapo hakuna anayekwenda kutafuta ushauri wa mapenzi: mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye somo la uchumi mpana wa ngazi ya kati. Ni somo la mistari inayokatana, herufi za Kigiriki na sapu za kumwaga. Mchumba wangu, ambaye leo ni mama wa wanangu, tulikuwa naye darasa moja.

Kalenda mbili

Natokea Lingeka, mkoani Simiyu. Nilipoingia chuo mwaka 2008 mkoa huo ulikuwa bado haupo; tulikuwa Shinyanga mpaka ulipoanzishwa mwaka 2012, makao makuu yakawa Bariadi. Kwetu hela ina msimu. Unapanda pamba mvua za mwisho wa mwaka zikianza, unapalilia, unapulizia dawa, unavuna. Soko likifunguliwa katikati ya mwaka, unashika mkupuo mmoja ambao ndio ada, dawa, nguo na harusi ya mdogo wako. Ukiutumia vibaya, unasubiri mwaka mwingine.

Mwenzangu amekulia Dar, kwa wazazi waajiriwa. Kwao hela ilikuja kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa tuweke watu hawa wawili kwenye wiki ya bumu, ile hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo. Yeye alinunua anachohitaji, akala vizuri, akijua jingine linakuja. Mimi nililificha kana kwamba ni la mwisho duniani. "Ngosha," aliniambia siku moja, "hela unaitunza mpaka inaota ukungu. Wewe utaishi lini?" Ilikuwa utani, lakini utani wa namna hiyo ukirudiwa mara kumi unageuka ugomvi.

Mzee Friedman na mzee wangu

Ndipo mhadhiri akafika kwenye mada ya matumizi. Keynes, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alisema matumizi ya mtu yanafuata kipato alichonacho sasa. Mwaka 1957 Milton Friedman akaja na hoja nyingine: mtu huangalia kipato anachotarajia kwa muda mrefu, na hela ya ghafla huwa anaiweka zaidi kuliko kuitumia. Franco Modigliani naye aliyatazama maisha yote: ujanani unakopa, ukiwa kazini unaweka, uzeeni unakula ulichoweka.

Tulitazamana. Kwa mtoto wa mwajiriwa, hela ya mwezi huu inakuambia mengi kuhusu ya mwezi ujao, kwa hiyo kuitumia si ujinga. Kwa mtoto wa pamba, hela ya mwaka huu haisemi kitu kuhusu mwakani. Mvua haina mkataba, na bei haina mwenyewe. Kuishikilia ni akili. Wote wawili tulikuwa na mantiki, kila mmoja kwa kalenda ya kwao.

Nadharia hizo zina tundu moja, nalo ni kubwa kijijini. Zinadhani mtu akikwama atakopa. Mkulima asiye na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara atakopa wapi? Ndiyo maana mzee wangu aliweka akiba yake kwenye ng'ombe. Riba yake ni ndama na maziwa, na mfumuko wa bei haumgusi kirahisi. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8. Mwenye noti chini ya godoro alipoteza bila kuibiwa. Mwenye ng'ombe alisinzia kwa amani, ilimradi ukame usije.

"Ana mwingine?"

Tulikuwa tumepanga barua ya posa iende baada ya msimu wa 2009. Kumbe mwishoni mwa 2008 mabenki makubwa ya Marekani yameyumba, watu wa nchi tajiri wamepunguza kununua nguo, viwanda vya nyuzi vimepunguza oda, na bei ya pamba duniani imeporomoka. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mjini Dodoma mpango wa kunusuru uchumi, ukiwemo kufidia hasara za wanunuzi wa mazao kama pamba. Pamoja na hayo, kwetu msimu ulikuwa mwembamba. Posa ikaahirishwa.

Mama mkwe akamwita binti yake chumbani. "Huyo kijana ana mwingine?"

"Hana mwingine, mama. Ni bei ya pamba."

Alimweleza kama tulivyofundishwa: mkulima akilipwa, anampa fundi cherehani, fundi ananunua mchele, muuza mchele anatengeneza baiskeli. Kila mmoja akitumia 80 katika kila 100 anayopata, shilingi moja huzunguka hadi kuwa tano, ingawa mabati na simu vikinunuliwa nje ya wilaya mzunguko hupungua. Pamba ikianguka, mnyororo mzima unalegea, mpaka kwenye barua ya posa. Mama alisikiliza, akasema, "Basi tusubiri mvua." Mapema 2011 bei ya dunia ilivunja rekodi, na mwaka huo barua ikaenda.

Mfanye nini nyinyi?

*Tenganisheni hela ya kudumu na hela ya ghafla.* Mshahara ulipe kodi ya nyumba na chakula. Posho, bonasi na mavuno viende kwenye akiba au kiwanja.

*Hesabuni riba halisi.* Toeni mfumuko wa bei kwenye riba. Akaunti ikiwapa asilimia 3 na bei zikipanda asilimia 3, mmepata sifuri. Mkopo wa asilimia 17, bei zikipanda hivyo hivyo, unawagharimu kama 14.

*Pangeni kwa hela inayofika mkononi.* Marejesho ya Bodi ya Mikopo yalipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Mkiwa wadaiwa wawili, bajeti ya harusi iliyopigwa kwa mshahara wa kwenye barua ya ajira ni ndoto.

*Mpeni kila mmoja nafasi ya kalenda yake.* Sisi tuna akaunti ya mwezi, anayoisimamia yeye, na akiba ya msimu, ninayoisimamia mimi. Hakuna anayeingia ya mwenzake bila kubisha hodi.

Na mazungumzo haya msiyaanze siku mmechacha. Subirini mshahara utoke, mle mshibe, kisha ulizaneni: kwenu hela ilikuwa inakuja lini? Kazi kwenu.