Mbio ni za Mwanariadha, Rekodi ni ya Daftari

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Onyo hilo waliwapa wafanyabiashara, lakini linawafaa wanariadha vilevile. Mtu anaweza kuwashinda kwa kasi wote waliomtangulia, na bado jina lake likakosa nafasi katika orodha ya rekodi.

Hebu tumtazame Catherine Ndereba, binti wa kijiji cha Gatung'ang'a huko Nyeri, aliyekuza kipawa chake katika idara ya Magereza. Mnamo Oktoba 7, 2001, alimaliza marathoni ya Chicago, Marekani, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukimbia kilomita 42.195 kwa muda mfupi hivyo. Juma moja tu kabla ya hapo, mjini Berlin, Mjapani Naoko Takahashi alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake kushuka chini ya saa 2 na dakika 20. Ndereba alimpiku kwa sekunde 59.

Ajabu ni kwamba shirikisho la riadha duniani halikuuita muda huo rekodi ya dunia. Liliuita muda bora duniani. Sababu ni kuwa barabara hazifanani. Uwanja rasmi una mzunguko wa mita 400 popote uendapo, ilhali barabara ina vilima, miteremko na kona zake. Shirikisho lilianza kutambua rekodi za barabarani Januari 2004. Kufikia hapo, Mwingereza Paula Radcliffe alikuwa ameupunguza muda wa Ndereba mara mbili: Chicago mwaka wa 2002, ambako Ndereba mwenyewe alimaliza wa pili, kisha London mwaka wa 2003.

Je, mpenzi msomaji, barabara hukubaliwa vipi? Kwanza hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na mpimaji hufuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji angeweza kupita. Kila kilomita huongezwa mita 1 ili mbio zisije zikapunguka. Rekodi ikivunjwa, njia hupimwa upya ili kuthibitisha. Aidha, mwanzo na mwisho wa mbio visitengane kupita nusu ya urefu wa mbio zenyewe, na mteremko usizidi mita 1 kwa kila kilomita. Fauka ya hayo, mwanariadha sharti apimwe dawa za kusisimua misuli.

Masharti hayo yana makali. Aprili 2011, Mkenya Geoffrey Mutai alishinda Boston kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2, sekunde 57 chini ya rekodi ya dunia ya wakati huo. Hakupewa rekodi. Mbio za Boston huanzia mji mmoja na kuishia mwingine, na mteremko wake unapita mita 42 zinazoruhusiwa. Ndereba naye alishinda Boston mara nne, lakini hata angalikimbia kama umeme huko, hesabu ingalikuwa ile ile.

Hata hivyo, daftari halikumsahau binti wa Nyeri. Muda wake wa Chicago ulibaki rekodi ya Afrika kwa zaidi ya miaka 10, hadi Mary Keitany alipoupunguza kwa sekunde 10 mjini London, Aprili 2012.

Hapa pana funzo kwa shule zetu, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki na Embu. Siku ya michezo, mtoto hushangiliwa, hupewa zawadi, na kufikia muhula ujao hakuna ajuaye alikimbia kwa muda gani. Andikeni jina, tarehe, umbali na aliyeshika saa. Pimeni kiwanja kwa utepe, maana mzunguko wa mita 380 humpa mkimbiaji sifa asiyostahili. Katika mbio za mita 100 andikeni pia kama upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyuma. Katika mashindano rasmi, upepo ukizidi mita 2 kwa sekunde, rekodi haihesabiwi.

Kazi hiyo yahitaji kalamu, utepe na mtu mwaminifu. Mtoto atakayekuja miaka 20 baadaye atajua muda wa kuushinda, na yule wa leo atajua kwamba mbio zake hazikupotea.