Wembe ao mashini? Shauri kwa wenye ngozi inayochubuka



Pitisha vidole vyako chini ya taya, pale kola ya shati inapogusa shingo. Kama ngozi ni laini, shukuru, na umpe ukurasa huu bwana yako ao mtoto wako wa kiume. Lakini kama unasikia vipele vigumu, vingine vyenye usaha, vingine vilivyokwisha kuwa alama nyeusi, basi kaa tuzungumze. Mimi niko mmoja wenu.

Wakati nilipokuwa kwenye masomo ya Biblia, sheria ilikuwa kidevu safi kila asubuhi. Tulilala wengi katika chumba kimoja, feza hakuna, na wembe mmoja ulizunguka wanaume watatu. Wenzangu wawili hawakupata shida. Mimi shingo ilijaa vipele, hata siku ya Mungu nikisimama kuhubiri nilipashwa kufungua kifungo cha juu. Wengine walisema ni uchafu. Wengine walisema damu yangu ina joto. Mzee mmoja alinishauri nikwangue kwa nguvu zaidi, kisha nipake marashi makali yenye alikoli. Nilitii. Moto niliousikia asubuhi ile sijausahau, na vipele viliongezeka.

Nilikawia miaka mingi kabla ya kuelewa sababu, na sababu yenyewe ni rahisi. Unywele wetu watu weusi umejipinda, na hata shimo lake ndani ya ngozi limepinda. Ukiukata chini sana, unabaki na ncha kali kama sindano. Ukianza kuota tena, unajikunja na kurudi kuchoma ngozi kutoka inje. Mara ingine hautoki hata inje, unatoboa ngozi kutoka ndani. Mwili unadhani mwiba umeingia, unaanza kupigana nao: pale panavimba, panawasha, panatoa usaha. Waganga wa hospitali wanaita hali hii pseudofolliculitis barbae, jina refu kuliko ndevu zenyewe. Si uchafu, wala si laana, wala haiambukizi mtu mwingine.

Ukielewa jambo hili, swali la wembe ao mashini linageuka. Kijana anauliza: kipi kinanyoa safi zaidi? Mwenye ngozi kama yetu anapashwa kuuliza: kipi kinaacha unywele kidogo juu ya ngozi? Kadiri unavyokata karibu, ndivyo unavyopanda miiba.

Tuanze na wembe. Mwamerika King Camp Gillette alianza kuuza wembe wake mwembamba wa kubadilisha mwaka wa 1903. Mwamerika mwingine, Jacob Schick, aliyekuwa askari, alianza kuuza wembe wa umeme mwaka wa 1931. Wote wawili walitafuta kidevu laini kama cha mtoto mchanga, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyefikiri juu ya nywele zetu. Baadaye viwanda viliongeza makali: mawili, matatu, hata matano kwa mpini mmoja wa plastiki. Kazi yake ni hii: kali la kwanza linavuta unywele, la pili linaukata, na kipande kinachobaki kinarudi chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyoka ni raha. Kwetu sisi ni hasara tuliyoinunua kwa feza yetu. Kama unapashwa kutumia wembe, ule wa zamani wenye kali moja unakufaa kuliko hizi za kisasa.

Wembe wa umeme, ule wenye wavu mwembamba wa chuma ao vichwa vya mviringo, haukati chini sana kama wembe wa mkono. Hiyo ndiyo faida yake. Lakini watu wengi wanauharibu kwa kuukandamiza na kuvuta ngozi kwa mkono wa pili, na hapo unakata chini sawasawa na wembe. Usikandamize. Usivute ngozi. Usirudie fasi moja mara tano. Ngozi iwe kavu, isipokuwa kama mashini yako imetengenezwa kwa maji. Na uwe na uvumilivu: ngozi inaomba wiki mbili ao tatu kuizoea, kwa hiyo usiitupe siku ya tatu na kusema umeibiwa.

Ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa wengi wetu, ni mashini ya kinyozi, ile inayoitwa kwa Kifaransa tondeuse. Inaweza kuacha ndevu za urefu wa milimita moja hivi. Utaonekana umejitunza, ijapokuwa shavu halitang'aa. Unywele wa milimita moja haurudi kirahisi ndani ya ngozi. Labda utasema: "Pasta, hapa Pweto umeme uko wapi?" Lakini simu yako unaichaji, sivyo? Mashini ndogo ya betri inachaji kwa paneli ya jua ileile.

Sasa nije kwa jambo lililonisukuma kuandika. Kijana mmoja wa upande wa Kilwa alinijia akiwa amefunga kitambaa shingoni wakati wa joto. Alikuwa amepata kazi ya mgodi, kazi ambayo mama yake aliiombea miezi mingi. Aliniambia: "Pasta, pa kazi banatuvalisha maske ya mavumbi, banakatala ndevu. Nanyoa kila asubui, damu inatoka. Nikiacha, bananirudisha nyumba. Nitafanya namna gani?"

Katika teritware yetu watu wanajua mambo ya migodi. Ule wa shaba na feza wa Dikulushi ulianza kazi mwaka wa 2002. Kwa hiyo wengi wenu munaijua ile maske ya mpira. Wakubwa wa kazi hawasemi uongo hapa. Mpira unapashwa kushikamana na ngozi tupu. Ndevu hata za siku moja ao mbili zinaacha njia ndogo, na vumbi la mawe linapita pale pale. Vumbi hilo likikaa katika mapafu kwa miaka linaleta ugonjwa wa silikozi, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Ngozi ya shingo itapona. Pafu lililokuwa jiwe halitapona. Kwa hiyo sikumwambia aache ndevu. Ile milimita moja niliyoisifu hapo juu haifai chini ya mpira.

Lakini kuna njia, na nilimwonyesha. Kwanza, mpira haugusi uso wote. Avae maske mbele ya kioo, aone mstari wake unapita wapi. Pale mpira unapogusa, na vidole viwili kila upande, anyoe kabisa. Shingoni chini ya mstari huo atumie mashini na kuacha unywele kidogo. Pili, pale anaponyoa kabisa, anyoe kila siku, asingoje wiki. Unywele unaokatwa kila siku haupati nafasi ya kukua mpaka ujikunje na kurudi. Wengi wanafikiri kinyume. Tatu, kama wembe wa umeme wenye wavu unafikisha ngozi tupu bila damu, autumie huo. Kama haufikishi, wembe wa kali moja, kwa utaratibu huu: kitambaa cha maji ya moto kidogo juu ya uso dakika tano, sabuni yenye povu nyingi, wembe mpya ao usiopita mara tano hivi, kufuata upande ambao ndevu zinalala, kamwe si kinyume, kisha maji baridi. Mafuta yasiyo na marashi yanatosha. Ile alikoli ya mzee wangu, hapana.

Nne, na hapa vijana wanaona haya: aende kwa muganga wa kampuni na kumwonyesha shingo. Kuna kofia za kazi zinazopuliza hewa safi mbele ya uso kwa betri, aina ya kofia iliyolegea ambayo haiombi mpira kushikamana na ngozi. Si kila kampuni inazo, lakini asiyeuliza hapewi. Hata majeshi makubwa yamebishana juu ya jambo hili: jeshi la anga la Marekani lilianza mwaka wa 2020 kuwapa askari wenye vipele hivi ruhusa ya muganga ya miaka 5 wasinyoe, na mwaka wa 2025 majeshi ya kule yakakaza tena amri. Kwa hiyo mtoto wetu asidhani ni yeye peke yake.

Na mwenye vipele vingi tayari, afanye nini? Mnakumbuka wajumbe wa Daudi, ambao Hanuni aliwanyoa nusu ya ndevu? Mfalme aliwaacha wakae Yeriko mpaka ndevu ziote tena. Wao walikaa kwa sababu ya haya, lakini ngozi inaomba shauri lilelile: acha kunyoa wiki nne hivi. Mwanzoni itawasha zaidi, kisha nywele zinajifungua zenyewe na kutoka inje. Ukiona unywele umejikunja juu ya ngozi, uinue kwa sindano iliyochemshwa, usiung'oe, maana ukiung'oa unaota tena ndani. Kama una kazi ya maske, omba wiki hizo wakati wa likizo. Na ninyi wazee wa kanisa, kijana akikaa mwezi mmoja na ndevu musimuondoe kwa kwaya.

Neno juu ya dawa za soko. Kuna pomade zinazopakwa ili vipele vilale na alama ziwe nyeupe. Nyingi zina kortizoni yenye nguvu. Vipele vinalala kweli wiki ya kwanza, kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na shida inarudi na ndugu zake. Bila muganga, usiziguse.

Sasa kinyozi. Nimesifu mashini, lakini mashini ya kinyozi inapita juu ya vichwa ishirini kwa siku, na mwenye ngozi ya kuchubuka anaacha pale damu asiyoiona. Virusi vya ugonjwa wa ini, ule wa hepatitis B, vinaweza kuishi inje ya mwili siku 7 na zaidi, hata katika damu iliyokauka. Mapunye ya watoto nayo yanasafiri kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwambie kinyozi aondoe nywele kwa brashi, apanguse meno ya mashini kwa alikoli, aache ikauke, ndipo aanze kwako. Akikasirika, nenda kwa mwingine. Umwambie tena asikwangue kisogo mpaka ngozi tupu, sababu kwa wengine kisogo kinafanya uvimbe mgumu unaobaki kwa maisha. Na mama zetu, wakati wa kilio, familia ikinyolewa, kila kichwa na wembe wake. Nikikumbuka ule wembe wetu wa wanaume watatu, mpaka leo ninatetemeka.

Yule kijana alirudi baada ya miezi miwili hivi. Kitambaa hakikuwa shingoni. Vipele vitatu vinne vilikuwa bado chini ya sikio, naye alikuwa ananunua mashini ndogo pamoja na kaka yake, kila mmoja akitoa nusu. Nilimuuliza: "Na kichwa cha mashini, mutatumia kimoja?" Akacheka, akasema kila mtu na chake.

Mimi mwenyewe ninapitisha mashini yangu siku ya posho jioni, milimita moja, dakika kumi. Asubuhi ninafunga kifungo cha juu.