Pesa imeingia lakini mfumo hauioni? Angalia haya kwanza

Saa moja asubuhi, mpangaji anakupigia: "Nililipa jana jioni, mbona nimetumiwa ujumbe wa deni?" Unaangalia simu, kweli pesa imeingia. Unafungua mfumo wa kodi kwenye kompyuta, hakuna kitu.

Usishtuke, na usimdai mtu mara ya pili. Mara nyingi pesa iko salama. Kilichokwama ni ile kazi ya usiku inayochukua faili ya malipo na kuiingiza kwenye mfumo wako wa hesabu. Kama unakusanya kodi, karo au michango ya chama kwa Paybill na kompyuta yako inasoma faili hiyo yenyewe, makala haya ni yako.

Anza kwa kusoma ujumbe wa hitilafu. Kwa kompyuta za Windows, mara nyingi utakuta mmoja kati ya hizi tatu.

1. "The system cannot find the file specified"

Kompyuta haioni faili. Hakikisha ilishuka, na iko kwenye folda ile ile uliyoandika kwenye mfumo. Jina nalo liangalie vizuri: kama lina tarehe, linabadilika kila siku, na herufi moja tu ikikosewa faili haipatikani.

Je, faili iko kwenye kompyuta nyingine ya ofisi na umeandika njia inayoanza na Z: ? Hapo wengi hukwama. Z: ni ya mtu aliyeingia kwenye kompyuta kwa wakati huo. Kazi ya usiku ikijiendesha bila mtu, huenda isiione kabisa. Andika njia kamili yenye jina la kompyuta, kwa mfano \\OFISI\malipo.

2. "Access is denied"

Faili ipo, lakini ruhusa hakuna. Ndiyo maana wewe ukibonyeza mchana inakubali, lakini usiku inakataa: mchana inatumia akaunti yako, usiku inatumia akaunti nyingine. Fungua Task Scheduler uone kazi hiyo inatumia akaunti gani, kisha uipe akaunti hiyo ruhusa ya kusoma folda. Kama kazi huhamisha faili ikimaliza, itahitaji pia ruhusa ya kubadilisha. Kwa folda ya mtandao, ruhusa huwekwa mahali pawili: Sharing na Security. Zote mbili lazima zikubali.

Tafadhali usichague "Everyone" ili mambo yaishe haraka. Faili hiyo ina taarifa za malipo ya wateja wako.

Na kama mlibadilisha nenosiri la kompyuta juzi, kumbuka kulibadilisha kwenye kazi hiyo pia.

3. "...it is being used by another process"

Kuna mtu ameiacha wazi, labda kwenye Excel. Ifunge, kisha urudie. Kuanzia leo, anayetaka kuiangalia afungue nakala.

Kabla ya kurudia

Huenda nusu ya malipo yaliingia kabla kazi haijakwama. Ukirudia ovyo, mpangaji mmoja ataonekana amelipa mara mbili. Kila muamala una kodi yake ya kipekee, kwa hivyo weka mfumo wako ukatae kodi iliyojirudia. Ukimaliza, linganisha jumla ya faili na jumla ya mfumo. Zikiwa sawa, mpigie mpangaji umwombe radhi.

La mwisho: kurekebisha faili hakuhitaji PIN yako. Fundi akikuomba PIN, hata kama unamfahamu, mkatalie. Ukikwama, tupigie ukiwa na ujumbe wa hitilafu na saa ulipotokea. Hayo mawili yanatosha kuanzia.