Gari limegoma kuwaka ghafla? Sikiliza sauti yake kabla hujanunua betri mpya

Jana usiku umelipaki halina tatizo lolote. Leo saa 12 asubuhi watoto wameshapanda na mabegi yao ya shule, unageuza ufunguo, gari halishtuki.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa hela. Anaitwa fundi wa kwanza anayepatikana, anasema "betri imekufa", inanunuliwa mpya, na baada ya siku mbili gari linagoma tena. Kumbe betri ilikuwa nzima, waya wake tu ndio ulikuwa umelegea.

Kabla ya kupiga simu, geuza ufunguo mara moja tena na usikilize vizuri. Sauti itakwambia pa kuanzia.

"Tik tik tik" ya haraka haraka

Hapa umeme haufiki wa kutosha. Stata hula umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote kwenye gari, zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache. Ndiyo maana redio inaweza kuimba na taa ya ndani ikawaka, lakini injini isizunguke. Redio isikudanganye. Washa taa kubwa za mbele kisha jaribu kuwasha gari: zikififia sana au kuzimika, tatizo ni betri au waya zake.

Anza na waya, maana hazina gharama. Zima gari, fungua boneti, shika vichwa vya waya kwenye betri na ujaribu kuvizungusha kwa mkono. Kikicheza, kimelegea. Kwenye Toyota nyingi ndogo spana namba 10 inatosha kukikaza. Ukiona unga mweupe au wa kijani, huo unazuia umeme: fungua waya wa hasi (–) kwanza, safisha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, kausha, kisha rudisha, hasi ikiwa ya mwisho. Usijishike macho, ndani ya betri kuna asidi.

Bado inagoma? Dai kipimo kabla ya kutoa hela. Fundi mwenye mita anapima kwa dakika moja. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa muda, husoma karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12, imeisha chaji. Gari likishawaka, namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, mchawi ni alteneta au waya zake, na hata ukifunga betri mpya leo itaisha vilevile.

Umri nao uangalie. Betri nyingi hudumu miaka 3 hadi 5, na joto la Dar es Salaam au Mombasa huipunguzia siku. Kuliacha gari wiki kadhaa bila kuwashwa kunaimaliza chaji polepole, kwa sababu alamu na saa vinaendelea kula umeme. Waliopanda basi kwenda kijijini Krismasi na kuacha gari nyumbani wanaijua habari hii kila Januari.

"Ta!" moja, kisha kimya

Taa zikibaki na mwanga mkali, shuku stata. Mafundi wengi huigonga taratibu na spana huku mwingine akigeuza ufunguo, na wakati mwingine inaamka. Kama utajaribu, gia iwe P na hendibreki iwe juu. Ikiwaka, usishangilie sana, itagoma tena.

Kimya kabisa, lakini taa zinawaka

Angalia gia. Gari la otomatiki huwaka likiwa kwenye P au N tu. Likiwa D, hata ugeuze ufunguo mpaka jioni. Inawatokea hata madereva wa miaka 20. Kama liko P na limegoma, kanyaga breki na ujaribu kwenye N.

Magari ya kubonyeza kitufe yanataka breki ikanyagwe kwa nguvu. Betri ndogo ya ufunguo ikiwa imeisha, kwenye Toyota nyingi unagusisha ufunguo kwenye kitufe hicho, kisha unabonyeza. Na kama ufunguo wenyewe haugeuki, usukani umejifunga: uyumbishe kushoto na kulia huku ukigeuza ufunguo taratibu.

Injini inazunguka vizuri, ila haiwaki

Betri na stata ni nzima, usiziguse. Shuku mafuta, plagi au mfumo wa kuzuia wizi. Mshale wa mafuta huweza kudanganya, hasa gari likiwa limepaki kwenye mteremko. Taa ya alama ya ufunguo au kufuli ikimetameta huku unajaribu kuwasha, huenda gari haliutambui ufunguo. Jaribu wa akiba. Usizungushe zaidi ya sekunde 10 mfululizo, utaunguza stata na kuongeza gharama nyingine.

Ukiomba kushtuliwa

Waya mwekundu uanzie kwenye chanya (+) ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Mweusi uanzie hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ishikizwe kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuunguza kompyuta ya gari, na bei yake inazidi betri kwa mbali.

Kusukuma kunafaa kwa gari la gia za mkono tu. La otomatiki mtasukuma mpaka mchoke.

Likishawaka, usipitie kituo cha mafuta kwanza, maana pale lazima ulizime. Nenda moja kwa moja kwa fundi mwenye mita.