Prosesa ya Kompyuta ya Mezani na Prosesa ya Kompyuta Mpakato: Ulinganisho wa Utendaji

Swali linalosema "linganisha" halijibiwi kwa kuandika kwamba hii ni nzuri kuliko ile. Mtahini anatafuta vigezo, takwimu na sababu. Mada hii ina mtego unaowanasa watahiniwa na wanunuzi vilevile: prosesa mbili zinaweza kubeba jina moja la biashara, kumbe utendaji wao ni tofauti kabisa.

Chukua mfano huu. Shule moja ya Gitting, kwenye miteremko ya Mlima Hanang, inataka kununua kompyuta. Duka la Babati lina kompyuta za mezani na kompyuta mpakato, na zote zimebandikwa maandishi "Core i5, kizazi cha 8". Je, zina uwezo sawa? Usijibu kabla hujasoma namba kamili ya prosesa. Tuseme ya mezani ni Intel Core i5-8500 na ya mpakato ni Intel Core i5-8250U.

Vigezo vya kulinganisha (cha mezani kwanza, kisha cha mpakato)

1. Idadi ya viini: 6, 4
2. Kasi ya msingi: gigahezi 3.0, gigahezi 1.6
3. Kasi ya juu kabisa: gigahezi 4.1, gigahezi 3.4
4. Kumbukumbu ya kashe: megabaiti 9, megabaiti 6
5. Kiwango cha joto kilichokusudiwa: wati 65, wati 15

Kwa nini zinatofautiana?

Shika kigezo cha 5, maana ndicho kinachoeleza vingine. Karibu umeme wote unaotumiwa na prosesa huishia kuwa joto, na joto hilo lazima liondolewe. Kompyuta ya mezani ina kasha pana, bamba kubwa la kupoozea na feni kubwa, tena huchomekwa kwenye umeme muda wote. Kompyuta mpakato ni nyembamba, feni yake ni ndogo na hutegemea betri. Kwa hiyo mtengenezaji huipa prosesa ya mpakato kiwango kidogo cha wati. Ikipata joto kupita kiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ndiyo sababu mpakato unaweza kuanza kazi nzito kwa kasi, kisha ukapungua baada ya dakika chache.

Herufi ya mwisho hukusaidia kutambua. Kwenye prosesa za Intel za kizazi hicho, U ni ya mpakato inayotumia umeme kidogo, H ni ya mpakato yenye nguvu, na T ni ya mezani iliyopunguziwa matumizi ya umeme.

Swali la mfano

Kazi ya kubadili muundo wa video hutumia viini vyote kwa kasi ya msingi, nayo humalizika kwa dakika 10 kwenye i5-8500. Ukichukulia kuwa muundo wa viini unalingana, kadiria (a) muda kwenye i5-8250U na (b) nishati inayotumiwa na kila prosesa.

Jibu

(a) Mezani: 6 × 3.0 = 18. Mpakato: 4 × 1.6 = 6.4. Uwiano ni 18 ÷ 6.4, yaani takribani 2.8. Muda ni 10 × 2.8 = dakika 28.

(b) Nishati = wati × sekunde.
Mezani: 65 × 600 = juli 39,000.
Mpakato: 15 × 1,680 = juli 25,200.

Tazama vizuri matokeo haya. Prosesa ya mpakato imechelewa, lakini imetumia nishati kidogo zaidi. Shule inayotegemea umeme wa jua na betri inaweza kuichagua kwa sababu hiyo, na shule yenye umeme wa uhakika na kazi nzito ikachagua ya mezani. Jibu kamili hutaja mahitaji ya mtumiaji. Kwa kuandika barua au kufungua jedwali, ambako kiini kimoja hufanya kazi kwa muda mfupi, uwiano ni 4.1 ÷ 3.4, yaani 1.2 tu, ni vigumu kuuona kwa macho.

Angalizo

Usiandike kwamba prosesa ya mezani hushinda daima. Prosesa mpya ya mpakato inaweza kuipita ya mezani ya zamani, kwa sababu muundo wa viini umeboreshwa. Pia gigahezi zilinganishwe kwa prosesa zenye muundo unaokaribiana tu. Mwaka 2020 Apple ilitoa prosesa ya M1 na kuiweka kwenye MacBook Air, ambayo ni mpakato usio na feni, na kwenye Mac mini, ambayo ni ya mezani yenye feni. Prosesa ni ileile. Katika kazi ndefu, yenye feni huhimili kasi yake kwa muda mrefu zaidi.

Jipime

1. Taja vigezo vinne vya kulinganisha prosesa, na ueleze kila kimoja kwa sentensi moja.
2. "Kwa kuwa Gitting kuna baridi, mpakato wenye i5-8250U utalingana na kompyuta ya mezani yenye i5-8500." Kanusha kauli hii kwa hoja mbili.