Bobini yenye namba ingine: kununua ama kuacha?



Wakati wa mavuno gari ya koperative haipumziki. Siku moja inaanza kutetemeka, inakosa nguvu ku mlima, taa ya moteri inawaka. Mekanisiye anafungua kapo, anasikiliza kidogo, anasema: "Bobini moja imekufa." Shofere anatumwa mjini, na huko njo maswali yanaanza. Bobini iliyokufa iko na namba moja, ile muuzaji anatoa iko na namba ingine. Muuzaji anaapa kwamba ni ile ile, tena ya kisasa. Mtunza-feza anapiga simu: tununue ama tuache?

Tutajibu kwa kutumia gari ambayo inabeba mizigo mingi ku barabara zetu: Toyota Probox ya esansi, yenye moteri 1NZ-FE ya litre 1.5. Kama gari yenu ni ya mazutu, makala hii haiwahusu. Moteri ya mazutu inachoma kwa kukandamiza hewa mpaka inapata moto mkali, haihitaji bobini. Mtu akiwaambia muchange bobini za Hilux ya mazutu, chungeni mfuko wenu.

Bobini inachukua umeme wa batri, volti 12, inaupandisha mpaka maelfu ya volti, zaidi ya 20,000, ili buji itoe cheche. Ku 1NZ-FE kuko bobini nne, kila moja inakaa juu ya buji yake na inashikwa na bulo moja tu, la klé ya 10. Fishi yake iko na nyaya nne: umeme, masi, waya wa komputa kuamuru "piga cheche", na waya wa bobini kujibu "nimepiga". Huo waya wa nne ni wa maana sana. Jibu likikosekana, komputa inaona kosa, inawasha taa, na inaweza kufunga esansi ili kulinda moteri. Ndiyo maana bobini yenye meno mawili ama matatu ku fishi haiwezi kufaa hapa, hata ikiingia vizuri.

Sasa namba. Toyota inaandika namba zake kwa vipande viwili. Bobini zinaanza na 90919-02, buji zinaanza na 90919-01. Kwa 1NZ-FE mutakutana na 90919-02229, kisha 90919-02240, kisha 90919-02265. Hizi si bobini tatu za magari matatu. Ni mlolongo mmoja: kiwanda kilirekebisha kitu, kikatoa namba mpya, na ile mpya ikachukua nafasi ya ile ya zamani. Kwa hiyo kama bobini yenu imeandikwa 02240 na muuzaji anawapa 02265 ya kweli, hakuwadanganya. Mununue. Wala hakuna lazima ya kuchanga feza mara moja kwa bobini zote nne. Moja mpya inaweza kufanya kazi na tatu za zamani kama hizo tatu ziko nzima.

Lakini muangalie: 90919-02239 ni ya moteri 1ZZ-FE, na 90919-02244 ni ya 2AZ-FE ambayo iko ku RAV4 mingi. Mtu akiziweka juu ya meza, anaweza kusema zote ni ndugu. Ni ndugu, ndiyo, lakini si za mlolongo mmoja. Namba kupanda haitoshi kuonyesha kwamba moja imechukua nafasi ya ingine. Ndiyo sababu tunasema shofere asiende mjini na maneno "bobini ya Probox" peke yake. Aende na bobini iliyokufa mkononi, na jina la moteri pamoja na namba ya shasi kutoka ku plaki ya gari, zimeandikwa ku karatasi. Probox ilitoka na moteri zaidi ya moja. Moja kati yake ni ya mazutu.

Juu ya nini kiwanda kinabadilisha kitu chenye kinatembea? Wakati mwingine ni sababu ndogo. Wakati mwingine ni aibu kubwa. Volkswagen iliona hayo ku moteri yake ya 1.8 yenye turbo. Bobini za magari ya miaka ya 2001 mpaka 2003 zilikufa kwa wingi, mpaka mwanzoni mwa 2003 kampuni ilitangaza huko Marekani kwamba itazichanga yenyewe. Kwao marekebisho yanaonyeshwa na herufi ya mwisho: 06B 905 115 E, kisha L, kisha R. Mtu aliyepata ile ya herufi ya zamani kwa bei nafuu, hata ingali ndani ya boite yake, alinunua ugonjwa ule ule. Kwa hiyo kati ya matoleo mawili ya kweli, sisi tunashauri kila mara lile la mwisho, isipokuwa fishi ama shingo vinakataa.

Hatari kubwa zaidi ku masoko yetu si toleo la zamani, ni bandia. Wanaoiga wanajua kuchapa namba mpya kabisa, tena wanaipenda juu inaonekana ya kisasa. Denso ya Japani ndiyo inatengenezea Toyota bobini hizi, na jina lake linachapwa ku kichwa cha bobini. Angalieni kama maandishi ni safi ama yamefifia, kama namba ya boite na ya bobini zinakubaliana, kama plastiki haina makovu na mpira wa shingo si mgumu. Alama hizi hazitoshi peke yake. Ombeni fakture yenye namba kamili na siku za kurudisha. Muuzaji akikataa kuandika namba ambayo ameisifu dakika kumi, mumemujua.

Mara nyingi feza ya bobini nne za bei ya chini inakaribia ile ya moja ya kweli. Kamati inapenda nne, juu zinaonekana nyingi. Sisi tungenunua moja. Bandia ikikufa njiani, mboga zinaoza ndani ya gari, na ile feza mulidhani mumeokoa wanachama wanailipa ku bei ya sokoni. Na kama ya kweli iko mbali na feza yenu, bobini ya okazyo iliyotolewa ku moteri ya Japani, namba ikiwa sawa, mara nyingi inashinda mpya isiyo na baba. Lakini ijaribiwe ku gari yenu mbele ya kulipa.

Na mbele ya kutuma mtu mjini, muhakikishe kwamba ni bobini kweli. Jaribio halina bei. Moteri ikiwa imezimwa, toa bobini ya silindri inayosumbua, uibadilishane na ya jirani. Washa. Kosa likihama pamoja na bobini, bobini ndiyo mbaya. Likibaki pale pale, tafuta ku buji, ku nyaya ama ku enjekteri. Shofere asijaribu kutoa fishi huku moteri inazunguka. Umeme ule unaumiza.

Kisha angalieni shimo mulimotoka bobini. Kama kuko oili, joini ya kifuniko cha juu ama ya mashimo ya buji imechoka, na oili itakula mpira wa bobini mpya kama ilivyokula wa zamani. Kama kuko maji, ulizeni nani aliosha moteri kwa pompi. Buji zilizoisha nazo zinalazimisha bobini kufanya kazi ya nguvu, kwa hiyo mwanya wake upimwe siku ile ile.

Bobini mpya ikiisha kufungwa, mwandishi aandike ku daftari ya gari: tarehe, kilometa, namba kamili, silindri gani, na fakture ibandikwe pale. Ile iliyokufa isitupwe. Ikae ndani ya mfuko chini ya kiti, pamoja na klé ya 10, juu safari ijayo mjini shofere mwingine atahitaji kitu cha kulinganisha.